Mwimbaji Aliyetoweka: Historia ya Waya wa Hedifoni

Mwaka 2006 nilikuwa mwanafunzi hapa Nairobi, na mali yangu yote ya thamani ilikuwa tarakilishi moja kuukuu ya mezani pamoja na visikizi vya masikioni nilivyonunua kwa mchuuzi wa kando ya barabara kwa shilingi 150. Usiku mmoja nilikuwa nikiandika programu ya zoezi la chuo huku muziki ukicheza, na katikati ya wimbo mwimbaji akaondoka. Magitaa yalibaki. Ngoma zilibaki. Hata waitikiaji walibaki, kwa mbali, kama watu walio chumba cha pili. Lakini mwenye wimbo hayupo, amebaki mwangwi wake tu, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi.

Nikadhani faili imeharibika. Nikajaribu wimbo mwingine: huko nako mwenyewe hayupo. Mwishowe nikagundua kwamba nikiubana waya karibu na pini, anarudi. Nikiuachilia, anaenda zake.

Kesho yake nilivipeleka kwa fundi mmoja Luthuli Avenue. Alivigeuza mara mbili, akanirudishia. "Kijana wangu, hii haina mahali pa kufungulia. Mpira umemwagiwa juu ukagandia. Nunua nyingine."

"Sawa mzee, lakini mwimbaji anaenda wapi?"

Akacheka. "Muulize aliyeitengeneza."

Nilikaa na swali hilo miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Jibu lake si gumu, lakini limefichwa ndani ya waya mmoja mwembamba, na waya huo una historia ya karibu miaka 150. Nimeikumbuka wiki hii kwa sababu nimekuwa nikijitengenezea kebo ya hedifoni mezani kwangu, na karibu kila nilichokishika kilikuwa ni uamuzi wa mtu fulani aliyekwisha kufa zamani.

Tuanze na pini yenyewe. Tarehe 28 Januari 1878 mjini New Haven, jimbo la Connecticut, kilifunguliwa kituo cha kwanza cha simu cha kibiashara, kikiwa na wateja 21. Kabla ya hapo simu mbili ziliungwa moja kwa moja kwa waya, basi. Sasa ilihitajika mtu wa kukaa katikati na kuunganisha yeyote na yeyote. Septemba mwaka huo huo Emma Nutt wa Boston akawa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kwa kazi hiyo, na haikuchukua muda kazi yenyewe ikahesabiwa kuwa ya wanawake. Mbele ya opereta kulikuwa na ubao wenye matundu, kila tundu mteja wake, na mkononi alikuwa na kamba zenye pini za shaba kwenye ncha. Mhandisi Charles Scribner wa kampuni ya Western Electric ndiye anayetajwa sana kwa kubuni kiunganishi cha springi kwa ajili ya mbao hizo. Umbo lake liliwakumbusha watu kisu cha kukunja, na jina la kisu hicho kwa Kiingereza ndilo lililotuachia neno jeki.

Pini ile ilikuwa na unene wa robo inchi, yaani milimita 6.35. Nenda leo kwenye studio yoyote, au kanisani kwenye gitaa la umeme, utakuta kipimo kile kile. Wapo watakaosema hiki ndicho kiunganishi cha umeme kilichoishi muda mrefu kuliko vyote ambavyo bado tunavitumia, na mimi siwezi kubishana nao. Mimi naandika programu. Kitu changu kikiishi miaka mitano bila kuandikwa upya nafanya sherehe.

Hata lugha ya mafundi imetoka kwenye ubao ule. Pini ya opereta ilikuwa na sehemu tatu zilizotenganishwa na vizuizi vya umeme: ncha, pete, na shina. Ncha na pete zilibeba mazungumzo. Shina lilikuwa na kazi nyingine, ya kujua kama laini ina mtu. Opereta aligusisha ncha ya pini kwenye ukingo wa tundu, na akisikia mlio mdogo masikioni alijua mteja yuko kwenye mazungumzo mengine. Sisi wenyewe tumewahi kuishi na mpango wa aina hii: wasomaji wenye mvi watakumbuka kuinua mkono wa simu na kumwomba opereta awaunganishe na mji mwingine, kisha kungoja.

Opereta huyo alihitaji mikono yake miwili, kwa hiyo simu ikabidi ipande mwilini. Vifaa vya kwanza vilikuwa vizito, vingine vilibebwa begani kama mzigo. Lakini kilichowasumbua wahandisi zaidi ni kamba. Chukua kipande cha waya mzito wa shaba ukikunje huku na huku mara ishirini au thelathini. Kitakatika mikononi mwako. Kamba ya opereta ilikunjwa namna hiyo kila dakika, siku nzima, kila siku. Dawa iliyopatikana inapendeza sana: badala ya waya, walichukua utepe mwembamba mno wa shaba wakauzungusha kwenye uzi wa pamba, kama mtu anayefunga bandeji kidoleni. Nyuzi nyingi za aina hiyo zikasokotwa pamoja. Uzi unabeba mvuto, shaba inabeba umeme, na kamba inakunjika maelfu ya mara bila kulalamika.

Kumbuka uzi huo, kwa sababu ungali nasi. Ukikata visikizi vyovyote vya bei nafuu utakuta katikati ya shaba kuna nyuzi laini nyeupe. Hazikuwekwa kwa bahati mbaya. Ni mjukuu wa kamba ya opereta. Na ndizo zinazomtoa jasho mtu anayejaribu kulehemu waya huo kwa mara ya kwanza: uzi unaungua kabla shaba haijashika lehemu, na unabaki na kitu cheusi kinachonuka.

Sasa tuingie jikoni, kwa maana halisi ya neno. Hedifoni za kwanza zilizosikika vizuri kweli hazikutoka maabara ya kampuni yoyote kubwa. Zilitengenezwa na Nathaniel Baldwin, bwana wa jimbo la Utah, katika jiko la nyumba yake. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na kutosikia mahubiri vizuri katika ukumbi mkubwa. Mwaka 1910 aliwatumia Jeshi la Wanamaji la Marekani jozi moja ili waijaribu. Wanamaji walizoea kupokea barua za wabunifu wasioeleweka, lakini walipoziweka masikioni walikuta zinashinda walizokuwa nazo kwa mbali sana. Wakaagiza. Baldwin akajibu kwamba hawezi kupokea oda ya zaidi ya jozi kumi kwa wakati mmoja, kwa kuwa anatengenezea jikoni.

Napenda sana jibu hilo. Baadaye alijenga kiwanda, akatajirika wakati wa vuguvugu la redio, akafilisika mwaka 1924, na akafa mwaka 1961 bila utajiri ule. Lakini mtu anapokuambia kwamba hedifoni ni vitu vya kiwandani na wewe huna biashara ya kuvigusa, mkumbushe Baldwin na jiko lake.

Hedifoni za zama zile zilikuwa na ukinzani mkubwa, omu 2,000 lilikuwa jambo la kawaida, maana redio za kioo hazikuwa na nguvu yoyote isipokuwa ile iliyoletwa na wimbi lenyewe. Kilichonivutia mimi ni jinsi waya ulivyofungwa. Katika nyingi ya hedifoni za miaka ya 1920, kamba ilifungwa kwenye kila kisikizi kwa skrubu mbili, waziwazi. Upande wa pili iliishia na vijiti viwili vya chuma ambavyo msikilizaji alivibana mwenyewe kwenye redio yake. Kamba ikichakaa, unanunua kamba, unachukua bisibisi, na kabla chai haijapoa unasikiliza tena. Nje ya kamba kulikuwa na kitambaa cha kusuka, na ndani ya ufumaji wake, upande mmoja, uzi wa rangi tofauti, mara nyingi mwekundu. Uzi huo haukuwa pambo. Redio za valvu zilipitisha mkondo wa moja kwa moja kwenye koili za hedifoni, na ukigeuza waya, mkondo ulipingana na sumaku na kuidhoofisha polepole. Uzi mwekundu ulikwambia upi ni upande chanya. Nitaurudia uzi huu, kwa aibu yangu mwenyewe.

Miaka ya kati nitaipita haraka. Mwaka 1937 Eugen Beyer wa Berlin alitoa DT 48, hedifoni zilizotumia koili inayotembea, kama spika ndogo, na ndiyo njia ambayo hedifoni nyingi zinaifuata mpaka leo. Kisha vita, kisha santuri za stereo. Na hapo ndipo ulipofanyika uamuzi uliomwondoa mwimbaji wangu.

Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee, akiwa na mhandisi Martin Lange, alionyesha hedifoni za stereo kwa ajili ya watu wa kawaida. Walikuwa na gramafoni ya kubeba waliyotaka kuiuza. Hedifoni zilikuwa kiambatisho tu cha kuonyesha uzuri wa stereo. Gramafoni imesahaulika. Hedifoni ndizo zilizobaki.

Stereo inahitaji sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Umeme nao hauendi bila kurudi, kwa hiyo kila upande unataka waya mbili: jumla nne. Lakini pini iliyokuwepo duniani tayari, kwa mamilioni, ilikuwa ile ya opereta yenye sehemu tatu. Basi kushoto kukapewa ncha, kulia kukapewa pete, na pande zote mbili zikaambiwa zirudi kwa njia moja, kupitia shina. Uamuzi wa maana kabisa, wa bei nafuu, na wa kurithi. Sisi waandishi wa programu tunaufahamu vizuri uamuzi wa namna hii, ule wa kutumia kilichopo halafu watakaokuja watajijua.

Fikiria sasa waya huo wa kurudi. Kama una ukinzani wa nusu omu na hedifoni zako ni za omu 32, sehemu moja hivi kati ya 65 ya sauti ya kushoto itaponyokea kulia, ikiwa imegeuzwa kichwa chini. Hutaisikia kama kosa. Utahisi tu stereo imebanwa kidogo. Waya ukianza kukatika uzi kwa uzi, ukinzani unapanda, na kinachoponyoka kinaongezeka. Ukikatika kabisa, umeme hauna mlango wa kurudia, kwa hiyo unaingia kwa kisikizi kimoja na kutokea kwa kingine. Unachosikia wakati huo si kushoto wala kulia. Unasikia tofauti kati yao. Na mwimbaji? Katika nyimbo nyingi mtayarishaji humweka katikati kabisa, yaani sauti ile ile kushoto na kulia. Kitu ukikitoa kwacho chenyewe kinabaki sufuri.

Hilo ndilo jibu la swali langu la mwaka 2006. Mwimbaji alikuwa amejumlishwa vizuri sana, kisha akatolewa vizuri sana. Waitikiaji walinusurika kwa sababu walikuwa wamesimama pembeni, na mwangwi wa mwenyewe ulibaki kwa kuwa mwangwi huenezwa tofauti pande zote mbili.

Haikuwa lazima waya ukikatika hedifoni zife. Mwaka 1968 Sennheiser ya Ujerumani ilitoa HD 414, zile zenye sponji ya njano, nyepesi, wazi upande wa nje. Ziliuzwa zaidi ya milioni 10. Watu husifu sauti yake, lakini mimi nawasifu kwa jambo ambalo halipati maneno mengi: kebo ilichomolewa. Kila kisikizi kilikuwa na vitundu viwili vidogo, na waya wake uliingia na kutoka kwa kuvutwa tu. Kampuni hiyo ikaendelea na wazo hilo hilo hadi kwenye HD 600 za mwaka 1997 na HD 650 za mwaka 2003. Katika hizi za baadaye, kijiti kimoja ni kinene kuliko kingine ili usiweze kukosea upande. Mtu aliyebuni hivyo alijua kwamba mnunuzi atakaa na kitu chake muda mrefu kuliko waya.

Halafu ikaja Walkman. Sony iliitoa Japani tarehe 1 Julai 1979, na hedifoni zake zilikuwa na uzito wa takriban gramu 50 wakati za kawaida zilipima mamia. Pini nayo ilipunguzwa: milimita 3.5, kipimo kilichokuwa kimezoeleka kwenye redio ndogo za transista, lakini sasa chenye sehemu tatu za stereo. Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ili wawili wasikilize pamoja. (Wazo zuri lililokufa mapema mno. Waulize waliowahi kugawana kisikizi kimoja kimoja ndani ya matatu, vichwa vimeegemeana kama mbuzi waliofungwa kamba moja.)

Kupunguza uzito kuna bei yake. Waya ukawa mwembamba kama uzi wa kushonea, na mahali unapoingia kwenye pini, panapokunjwa kila unapotia simu mfukoni, palifunikwa kwa mpira uliomwagwa ukagandia. Kwa kiwanda ni hatua moja badala ya nne. Kwa mwenye nacho, ni kaburi. Hakuna skrubu, hakuna kifuniko, na waya wa senti chache ukikatika ndani ya mpira unaua sumaku, koili na kiwambo ambavyo havina kosa lolote. Fundi wangu wa Luthuli hakuwa mvivu. Alikuwa anasoma kilichoandikwa pale.

Simu za mkononi zikaongeza kelele yake. Zilihitaji maikrofoni, kwa hiyo pini ikapata sehemu ya nne, na hapo watengenezaji wakagawanyika. Kundi moja likaweka maikrofoni kwenye pete ya pili na waya wa kurudi kwenye shina. Kundi lingine likafanya kinyume. Kwa macho pini hizo mbili hazitofautiani hata kidogo. Ukichomeka ya kabila hili kwenye simu ya kabila lile, waya wa kurudi haufiki kwao, na bila shaka msomaji ameshakisia kinachotokea: mwimbaji anatoweka. Kisha unabonyeza kitufe cha maikrofoni na ghafla anarudi, kwa sababu kitufe hicho huunganisha maikrofoni na waya wa kurudi. Nimewaona watu wakisikiliza nyimbo nzima huku wameshika kitufe.

Waliorudisha kebo ya kuchomoa walikuwa wanamuziki. Mwaka 1995 Jerry Harvey, aliyekuwa mhandisi wa sauti wa bendi ya Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen visikizi vya kuingia sikioni ili ajisikie jukwaani bila kuua masikio yake, na hapo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Mtu anayeruka jukwaani na kutoka jasho hukata waya haraka, na hawezi kungoja wiki mbili visikizi vitengenezwe. Visikizi vya wanamuziki vikapata vitundu viwili vidogo au kiunganishi cha duara cha kubana. Visikizi hivyo vilipoanza kununuliwa na wasikilizaji wa kawaida, wao nao wakagundua kwamba kebo ni kitu kinachoweza kutoka. Na kitu kinachotoka kinaweza kutengenezwa nyumbani.

Hapa ndipo nilipoingia mimi. Miaka michache iliyopita nilinunua hedifoni nzuri kwa fedha za kazi moja ya programu, hedifoni za kebo ya kuchomoa, na baada ya muda upande wa kushoto ukaanza kuja na kuondoka. Hitilafu inayokuja na kuondoka ndiyo mbaya kuliko zote, muulize mwandishi yeyote wa programu. Kebo mpya kutoka kwa mtengenezaji, pamoja na usafirishaji, ilikaribia bei ya hedifoni nyingine za kawaida. Nikakumbuka Luthuli, nikakataa.

Niliyoyanunua: mita mbili za kebo ya maikrofoni yenye nyaya nne ndani, pini ya milimita 3.5 ya kufungua kwa skrubu, viunganishi viwili vidogo vya upande wa hedifoni (hivi tu viliagizwa nje), na mrija wa plastiki unaonywea ukipashwa moto. Wapo wanaosuka nyaya nne kama nywele na kuzivisha kamba ya parashuti iliyotolewa nyuzi zake za ndani. Zinapendeza sana. Mimi sikuwa na subira.

Kebo ya nyaya nne ina maana moja kubwa: waya wa kurudi wa kushoto na wa kulia hukaa mbalimbali mpaka ndani ya pini, ndipo zikutane. Ile njia ya pamoja ya mwaka 1958 inafupishwa kutoka mita nzima hadi milimita chache. Ukichukua waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 0.2 na urefu wa mita 1.5, ukinzani wa kwenda na kurudi ni kama robo ya omu. Kwenye hedifoni za omu 32 hiyo haifiki asilimia 1.

Naisema hesabu hiyo kwa makusudi, maana kuna watu watakaotaka kukuuzia kebo ya fedha kwa bei ya pikipiki. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba, ni kweli, kwa takriban asilimia 6. Ongeza unene wa shaba kidogo tu, umeshafika hapo. Mwaka 2007 Mmarekani James Randi, aliyetumia maisha yake kufichua wadanganyifu, aliahidi dola milioni moja kwa atakayeweza kutofautisha kwa sikio tu kebo za spika zilizouzwa kwa zaidi ya dola 7,000 na kebo za kawaida. Kulikuwa na mwandishi mmoja wa sauti aliyejitokeza, mabishano yakawa marefu, na jaribio halikufanyika. Fedha ilibaki mahali pake. Sababu ya kutengeneza kebo yako ni kwamba ikikatika utajua pa kufungua. Sauti itakuwa ile ile.

Kazi yenyewe ilichukua jioni mbili. Nilitumia lehemu ya risasi na bati, asilimia 37 kwa 63, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ile isiyo na risasi, ambayo viwanda vimeipokea tangu sheria ya Ulaya ya Julai 2006, inataka zaidi ya 215 na mkono uliozoea. Ukitumia ya risasi, fungua dirisha na unawe mikono kabla ya kushika chapati. Telezesha kifuniko cha pini kwenye kebo kabla ya kulehemu. Narudia: kabla. Mimi nilikumbuka baada ya kumaliza, kama kila aliyenitangulia.

Ukitaka badala yake kukata kebo ya zamani na kuiwekea pini mpya, jua kwamba nyaya zile za rangi, nyekundu kwa kulia, kijani au bluu kwa kushoto na rangi ya shaba kwa kurudi (mara nyingi, si mara zote), zimepakwa vanishi inayozuia umeme. Lehemu haishiki mpaka vanishi iungue. Weka ncha ya waya ndani ya tone la lehemu la moto juu ya pasi, uisogeze taratibu hadi uone shaba imegeuka rangi ya fedha. Mafundi wa zamani walikuwa na ujanja wa kulaza waya juu ya kidonge cha aspirini na kukigusa kwa pasi ya moto. Asidi yake hula vanishi. Inafanya kazi, ila moshi wake utakukohoza na kukutoa machozi. Nimejaribu mara moja, inatosha.

Wakati nikifanya haya yote, najua tundu lenyewe linazibwa. Mwezi Septemba 2016 Apple ilitangaza iPhone 7 bila tundu la hedifoni. Haikuwa simu ya kwanza kufanya hivyo, lakini ndiyo iliyowapa wengine ruhusa, na sasa simu nyingi za bei ghali hazina. Hedifoni zisizo na waya hazina waya wa kukatika, nakubali. Zina betri ndogo iliyogandishwa kwa gundi ndani, na betri huzeeka hata usipoikunja. Kwa sasa natembea na kipande cha kuunganishia, chenye chipu ndani ya kugeuza namba kuwa sauti, na tayari nimekipoteza mara mbili.

Nilimaliza kebo siku ya Jumapili saa nne usiku. Nikapima kwa mita: kila waya unafika unakotakiwa, hakuna unaogusa jirani. Nikachomeka, nikachagua wimbo ule ule wa mwaka 2006, nikafumba macho.

Mwimbaji hayupo.

Ama tuseme yupo lakini hana mahali. Si katikati, si pembeni, sauti imetawanyika nyuma ya kichwa kama harufu, na besi imekauka. Nilikagua waya wa kurudi mara tatu. Uko salama. Kisha nikavitazama vile viunganishi vidogo vya upande wa hedifoni. Vyangu, vya bei nafuu, vilikuwa na vijiti viwili vya unene sawa. Upande wa kulia nilikuwa nimeviingiza kinyume, chanya kwa hasi. Kiwambo cha kushoto kilikuwa kikienda mbele, cha kulia kinarudi nyuma, na mwimbaji akijivuta mwenyewe pande mbili.

Nikakigeuza. Akarudi, akasimama mbele yangu katikati ya meza. Mke wangu akauliza kutoka chumba cha pili mbona nimecheka peke yangu usiku. Nikamwomba uzi mwekundu.